Sanduku Zima

Mtaani walimwita Bado Kidogo, na kwa jina hilo hawakumwonea. Kila aliyemuuliza kama lile sanduku lake limekwisha alijibiwa vilevile, "Bado kidogo," na sanduku lilikuwa na miaka miwili na miezi minne. Katika muda huo jirani wa mkono wa kushoto alijenga nyumba, akahamia, akagombana na mkewe, wakapatana, na sanduku bado kidogo.

Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa mitambo ya simu. Alizoea kushinda katikati ya mashine zinazoongea zenyewe kwa zenyewe, na alipopewa mkono wa kwaheri akaiona nyumba yake kimya mno, ingawa mkewe alikuwa mshonaji na cherehani haikupumzika. Akajitwalia chumba cha nyuma, kile walicholala watoto kabla hawajaenda kwao. Akaweka meza, taa, chuma cha kulehemu na makopo kumi na moja ya skrubu, na kuanzia hapo aliyekitaka chumba hicho alipiga hodi.

Sanduku lenyewe halikuzidi tofali. Ndani lilikuwa na chipu mbili na waya nyingi, na usoni vitaa vinane vya kijani vimepangwa mstari, pembeni kikiwapo kimoja chekundu. Kazi yake ilikuwa kutoa ishara za majaribio kwa chaneli nane kwa mpigo. Chaneli ya kwanza iliwaka na kuzimika haraka hata jicho lisifuate. Ya pili kwa nusu ya kasi hiyo, ya tatu kwa nusu ya ile ya pili, mpaka ya nane, iliyowaka kwa kujivuta kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Mtu aliyejitengenezea chombo chake nyumbani, saa au kipima joto au taa za kuchezacheza, angekichomeka hapo, kipewe ishara zinazojulikana tangu mwanzo, aone kama kinazisikia sawasawa. Kwa ufupi, kilikuwa chombo cha kupimia vyombo vingine. Dosari ilikuwa moja tu: Bado Kidogo hakuwa na chombo kingine chochote cha kupima.

"Yaani umenunua mizani," mkewe alimwambia, "na duka huna."

Mambo yalichacha siku simu ilipolia kwamba mama mkwe ameteleza bafuni. Hakuvunjika, ila nyonga iliumia, na daktari alisema mama huyo asikae tena peke yake.

"Mama atalala chumba cha nyuma," mkewe alisema, macho yakiwa kwenye sindano.

"Chumba kipi cha nyuma?"

"Kwani tuna vingapi?"

Bado Kidogo alivuta kiti akaeleza kwa upole wote aliokuwa nao kwamba sanduku limebakiza jaribio moja. Litawashwa siku saba, usiku na mchana, lisikosee hata mara moja. Kulihamisha sasa ni kuua kazi ya miaka miwili.

"Na miezi minne," mkewe alisema. Akasimamisha cherehani. "Haya, baba watoto. Lijaribu. Likimaliza siku saba bila kosa, chumba ni chako, Mama atalala hapa kwenye kochi, na mimi sitalisema tena sanduku hilo mpaka naingia kaburini. Likikosea hata mara moja, meza inatoka. Na shahidi awepo, maana wewe ukijisimamia mtihani utafaulu tu."

Bado Kidogo alijua vizuri kwamba kochi lile lilikuwa na springi iliyochomoza, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa halikalii. Alijua pia umri wa mama mkwe wake na hali ya nyonga yake. Alijua yote hayo, akakubali. Tusimpambe.

Shahidi akawa fundi redio wa pale kona, rafiki yake wa siku nyingi. Jumamosi asubuhi alifika, akasimama mlangoni akitazama saa yake, maana alikuwa ameacha kibanda wazi. Bado Kidogo akafungua sanduku mara ya mwisho na kugundua kwamba waya wa chaneli ya nane unatikisika. Akawasha chuma cha kulehemu, na kabla hakijapata moto sawasawa akagusisha, maana fundi redio alikuwa ameanza kukohoa kile kikohozi cha mtu mwenye haraka. Lehemu ikashika, au ikaonekana kushika. Saa nne kamili sanduku likawashwa. Bado Kidogo akabandika juu yake karatasi yenye neno USIGUSE.

Karatasi za kubandika zilikuwa ada ya nyumba ile, na aliyezianzisha ni mkewe. Siku moja alisahau pasi juu ya gauni la bibi harusi, na tangu hapo ukutani kando ya pasi pakawa na maandishi: PASI ZIMA. Mlangoni: TAA ZIMA UKITOKA. Jikoni: FENI ZIMA. Mgeni akiingia alidhani nyumba inaendeshwa na kampuni ya umeme.

Jumanne mama mkwe akaletwa, na mkongojo wake na mkoba mmoja. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja, na bado alikuwa na ile sauti inayomfanya mtu mzima aangalie kama vifungo vyake vimefungwa. Alioneshwa kochi. Akalitazama, akamtazama binti yake, akasema, "Pazuri," akakaa upande usio na springi.

Siku iliyofuata alikuja taratibu mpaka mlango wa chumba cha nyuma, akapiga hodi.

"Karibu, Mama," Bado Kidogo alisema, akainuka haraka kumpisha kiti. Mkwe ni mkwe, hata kama amekuja kukunyang'anya chumba.

"Nielezee. Hivi vitaa vinafanya nini?"

Watu wengi walikuwa wamemuuliza swali hilo, na wote walianza kupiga miayo kwenye neno la nne. Akaeleza hivyo hivyo, bila matumaini. Chipu ya kwanza inatoa ishara nane. Ishara zinatoka nje kwa waya, zinarudi kwa chipu ya pili, na hiyo inalinganisha kilichotumwa na kilichofika.

"Kumbe ni imla," mama mkwe akasema.

"Imla, Mama?"

"Mmoja anasoma, mwingine anaandika. Yule anayesoma anajua kilichomo kitabuni, kwa hiyo mwandishi akikosea ataonekana. Sasa nani anasahihisha?"

"Hii hii chipu ya pili."

"Mwanafunzi anajisahihisha mwenyewe?" Mama alitabasamu. "Wahenga wana neno lao kuhusu nyani. Mbele ya mkwe wangu silimalizii."

Bado Kidogo alicheka mpaka chozi likamtoka, na katikati ya kicheko akagundua kitu kilichomuuma kidogo: katika miaka miwili na miezi minne, huyu ndiye mtu wa kwanza kulielewa sanduku lake. Akaona haya, akamletea mto wa kuegemea.

"Na hiki chekundu?" mama akauliza.

"Hicho ndicho kalamu nyekundu yako. Likitokea kosa moja tu, hata la kufumba na kufumbua, kinawaka, na hakizimiki tena."

"Hata kosa likipita?"

"Hata likipita. Njia ya kukizima ni moja, kulizima sanduku lote. Likizimwa linasahau kila kitu, linaanza upya na moyo safi."

"Lina bahati," mama akasema. Akakaa nalo nusu saa nzima, akifuata chaneli ya nane kwa kidole.

Jumamosi ikafika. Saa mbili asubuhi vitaa vinane vya kijani vilikuwa vinafanya kazi yao na chekundu kimelala fofofo. Zilibaki saa mbili tu. Hapo mtu mwenye busara angekaa juu ya kiti chake na kunyamaza. Bado Kidogo alibandua USIGUSE, kwa sababu neno hilo lilimwonesha kama mtu mwenye wasiwasi, na yeye alitaka shahidi akiingia akutane na neno la ushindi. Akachukua ukanda wa karatasi na kalamu nene, akakusudia kuandika SANDUKU NI ZIMA. Lakini furaha ilimfanya aanze na herufi kubwa mno, na baada ya SANDUKU karatasi ilibaki na nafasi ya herufi nne. Akafikiri kidogo, akaitupa ile NI. Herufi mbili tu, nani angezihitaji?

Mkewe alikuwa amekwenda kumpelekea mteja nguo zake. Bado Kidogo akamuaga mama mkwe, akaenda kumchukua shahidi.

Fundi redio alikuwa na mteja aliyetaka kujua kwa nini redio yake inashika stesheni moja tu, tena ile asiyoipenda. Maelezo yakawa marefu. Walipotoka kibandani ilikuwa saa nne kasoro robo, wakatembea kwa mwendo wa watu wanaokwenda kupokea zawadi.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimya. Vitaa vyote tisa vilikuwa vimezimika. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti, mkongojo magotini, na swichi ya ukutani ilikuwa imebonyezwa juu.

"Nani amezima?" Bado Kidogo aliuliza, sauti ikimtoka nyembamba.

"Mimi," mama akasema. "Si umeandika?"

"Nimeandika nini?"

Mama akanyoosha mkongojo kuelekea karatasi na kusoma kama anayewasomea darasa la tatu: "Sanduku zima. Pasi zima, taa zima, feni zima, sanduku zima. Nyumba hii nimeshaizoea, baba, nafanya kama nilivyoagizwa."

"Mama! Zima! Zima maana yake zima! Halina kasoro! Kama vile tunda zima, yai zima!"

"Yai ni zima," mama akasema kwa upole. "Ungeweka 'ni' nisingeligusa."

Fundi redio alisogea akaisoma karatasi kwa karibu, midomo ikicheza. "Hata mimi ningezima," akasema. Bado Kidogo alimtazama kwa jicho ambalo urafiki mdogo usingelistahimili.

Alitaka kupiga kelele, lakini kwa mkwe hupigi kelele. Alitaka kutoka, lakini chumba kilikuwa chake. Akajikuta ameketi juu ya kopo la skrubu, ameshika kichwa. Miaka yote ile alikuwa amehakikisha kwamba hakuna ishara hata moja inayodondoka njiani, halafu yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alidondosha herufi mbili. Ilikuwa inachekesha sana, na yeye hakuweza kucheka.

Mkewe aliporudi alisikiliza pande zote akiwa amesimama, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Kosa ni langu," mama alisema kabla hajaulizwa. "Macho yangu na haraka zangu. Sanduku lilikuwa linakwenda vizuri kabisa."

"Mama, na wewe! Huwezi kuuliza kwanza?" Mkewe alimkemea mama yake kama mtoto aliyemwaga maziwa, na mama aliinamisha kichwa akakubali kukemewa. Kisha mkewe akamgeukia mumewe, na ilionekana wazi kwamba maneno yanampitia kooni kwa shida. "Sanduku halikukosea. Lingemaliza kama lisingeguswa. Ahadi ni deni. Chumba kaa nacho."

Hivyo Bado Kidogo akashinda. Akaliwasha sanduku tena siku ileile, na jioni akampa fundi redio hadithi nzima mara ya pili, ingawa fundi redio alikuwepo. Nyumbani alikuwa mpole, mpole wa mtu aliyedhulumiwa na kusamehe. Alimwambia mama mkwe asijali, kukosea ni ubinadamu. Alimwambia hivyo mara tatu, na mara zote tatu mama alijibu, "Ahsante, baba, una moyo."

Kila asubuhi alimwona akiinuka kwenye kochi. Mkono mmoja ulishika nyonga, mwingine ulishika ukingo wa meza ya cherehani, na katikati ya kuinuka alikuwa akisimama kidogo, amefumba macho, akingoja maumivu yapite. Halafu anasema, "Nimelala vizuri sana," kabla mtu hajamuuliza. Bado Kidogo akaanza kunywa chai yake chumbani.

Jumanne baada ya chakula cha mchana alikuta kitaa chekundu kinawaka.

Alikitazama muda mrefu, kama mtu aliyeitwa jina lake halisi baada ya miaka mingi. Akazima, akafungua kifuniko, akagusa waya mmoja mmoja kwa ncha ya penseli. Wa kwanza ulikuwa imara, wa pili imara, zote imara mpaka wa nane. Wa nane ulicheza. Ile lehemu ya haraka haikuwa imeshika hata siku moja. Ilikuwa imeuegemea waya tu, ikigusa na kuacha inavyotaka. Ilikuwa hivyo tangu Jumamosi ya kwanza.

Alikumbuka mama alivyofuata chaneli ya nane kwa kidole. Alikumbuka swali lake kuhusu kalamu nyekundu, na jibu alilompa mwenyewe, kwamba likizimwa linasahau kila kitu.

Sebuleni mama mkwe alikuwa anashona vifungo vya mteja, miguu juu ya kigoda. Binti yake alikuwa nje anaanua nguo. Bado Kidogo akachuchumaa mbele ya kochi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama. Siku ile ulipolizima sanduku. Kile chekundu kilikuwaje?"

"Chekundu kipi?"

"Mama."

Mama akakata uzi kwa meno, akachomeka sindano mahali salama. "Kiliwaka saa tatu na dakika kumi," akasema. "Nilikuwa naangalia. Ya nane ilijikwaa mara moja, kidogo tu, halafu ikaendelea kama vile haikuwa yeye."

"Kwa hiyo hukuisoma vibaya ile karatasi."

"Baba, nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja. Unadhani sijui zima na zima?"

Bado Kidogo hakujua aweke wapi macho. "Lakini ungepata chumba! Ungekaa kimya tu, ungekipata! Kitanda, mlango, kila kitu!"

"Ningepata," mama akasema. "Wewe ulikuwa umekwenda kumleta mgeni aje akuone unafaulu. Ungeingia naye pale, na ile taa inawatazama wote wawili. Nimefundisha watoto wazuri na watoto watundu, na sijawahi kumsomea hata mmoja alama zake mbele ya mgeni." Akachukua kifungo kingine. "Na karatasi uliyoandika ilinirahisishia kazi. Imla mbovu nayo ina faida yake."

Aliyasema bila kujisifu, akatafuta tundu la sindano. Bado Kidogo alibaki amechuchumaa mpaka magoti yakalalamika. Alikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na upendo wa ghafla kwa bibi huyu. Mwishowe akainuka, akatoka uani, akamkuta mkewe na nguo mabegani.

"Mama watoto, sanduku halikuwa zima."

"Najua. Mama alilizima."

"Hapana. Halikuwa zima kabla halijazimwa."

Mkewe alilazimika kuliwaza hilo mara mbili. Alipomaliza kulielewa, na alipoambiwa na lililobaki, akaweka nguo zote juu ya kamba moja, akaingia ndani, akasimama mbele ya mama yake. Kisha akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, juu ya vifungo vya mteja, na vikatawanyika sakafuni.

Jioni ile kabla jua halijazama Bado Kidogo alitoa makopo kumi na moja, akatoa kiti, akaleta kitanda. Alipoanza kuisukuma meza mama akamzuia kwa mkongojo mlangoni.

"Hiyo inakwenda wapi?"

"Nje, Mama. Chumba ni chako."

"Chumba kizima sikitaki. Nitakitumia kukimbilia wapi, na nyonga hii? Meza ibaki pale dirishani, na hilo sanduku libaki. Asubuhi utakuja ulitengeneze hapahapa, na mimi nitakusimamia. Umeona mwenyewe kwamba ukiachwa peke yako huwezi."

Meza ikarudishwa. Bado Kidogo akabandua ule ukanda wa zamani, akakata mwingine, mrefu kupita mahitaji, akaandika kwa herufi ndogo na kwa makini yote ya mtu anayefanya mtihani: SANDUKU NI BOVU. BADO KIDOGO. Ikambidi ampelekee mama aukague kabla ya kuubandika.

Mama aliusoma mara mbili, akaomba kalamu nyekundu, akautia alama ya vema.